Uzee wa Mkusanyaji na Hatima ya Sarafu Zake

Mkusanyo wa sarafu wenye thamani kubwa huundwa na vitu viwili ambavyo mgeni wa fani hii huviona kama kimoja: madini yenyewe, yaani dhahabu, fedha, shaba au nikeli iliyofuliwa na kutiwa chapa, na maarifa yanayoeleza sarafu fulani ni ipi, ilitoka wapi, ilipita mikononi mwa nani, na kwa nini hailingani na nyingine zinazoonekana sawa nayo. Madini yakihifadhiwa vizuri hudumu karne kwa karne, lakini maarifa kwa kawaida hukaa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo huzeeka. Ndiyo maana mikusanyo mingi huanza kupotea miaka kadhaa kabla ya wenyewe kufariki, wakati kila sarafu bado imo kabatini na haijaguswa na mwizi wala dalali.

Ili jambo hilo lieleweke, ni lazima kwanza ieleweke jinsi wataalamu wa numizmatiki, yaani elimu ya sarafu, wanavyoipima thamani. Uhaba ndio kipimo kinachofahamika zaidi, lakini peke yake hautoshi, kwa kuwa zipo sarafu adimu ambazo hakuna anayezitafuta. Kipimo cha pili ni hali. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon, aliyekuwa akichunguza senti kubwa za shaba za miaka ya mwanzo ya taifa lake, alitoa ngazi ya namba kuanzia 1 hadi 70, ambapo 1 ni sarafu iliyosagika hadi ikabaki kutambulika tu na 70 ni ile isiyo na dosari hata moja. Baadaye ngazi hiyo ikatumika kwa sarafu za kila aina, na kampuni kama PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC, iliyoanza mwaka 1987, zikaifanya kuwa biashara ya kupima sarafu kwa malipo na kuzifungia ndani ya makasha magumu ya plastiki yenye lebo ya daraja. Kati ya daraja moja na jingine la jirani bei inaweza kuongezeka maradufu, ingawa tofauti yenyewe huonekana kwa kioo cha kukuzia tu.

Hapo ndipo mrithi mwenye nia njema huleta hasara. Sarafu ya fedha iliyotulia miaka mia moja hushika utando wa kijivu, wa bluu au wa rangi ya asali, unaotokana na salfa iliyomo hewani, na kwa mjuzi utando huo ni ushahidi kwamba uso wa sarafu haujawahi kuguswa. Mrithi anayeuona kuwa uchafu huisugua sarafu kwa ndimu, kwa majivu au kwa dawa ya kung'arishia vyombo, na kwa muda wa dakika chache huondoa tabaka la juu la madini pamoja na mng'ao wa asili uliotokana na nguvu ya mashine ya kufulia, ambao hakuna fundi duniani awezaye kuurudisha.

Kipimo cha tatu ni nasaba, yaani mlolongo wa wamiliki na minada ambayo sarafu imepitia. Nasaba huthibitisha kwamba sarafu ni halisi, kwamba haikuibwa, na kwamba haikuchimbwa kwa siri katika magofu yanayolindwa na sheria. Tangu UNESCO ilipopitisha mwaka 1970 mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za kitamaduni, umuhimu wa nasaba umezidi kukua, hasa kwa sarafu za kale. Lakini tofauti na uhaba na hali, nasaba haionekani kwenye sarafu yenyewe hata ikitazamwa kwa kioo chenye nguvu kiasi gani. Ipo kwenye karatasi au katika kumbukumbu ya mtu, na isipokuwapo katika viwili hivyo haipo kabisa.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyofuliwa Tabora mwaka 1916, wakati utawala wa Kijerumani, uliokuwa umefungiwa njia ya bahari na Waingereza, ulipopungukiwa fedha, ukaichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke na kuifua katika karakana ya reli. Zilitoka sarafu 16,198, zenye sura ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168 na robo tatu yake ni dhahabu safi, yaani karati 18, hivyo sonara anayeiweka kwenye mizani huona gramu 5 na kitu za dhahabu ya kuyeyusha, na kwa kazi yake hajakosea. Mkusanyaji, kwa upande wake, huangalia kama pambo la upande wa kulia limeishia chini ya herufi T au chini ya herufi A katika jina la koloni, kwa sababu zilitumika chapa mbili. Huangalia kama ukingo umewahi kuunganishwa kishikizo cha mkufu. Huuliza sarafu ilitoka katika familia gani. Mjane anayeipeleka sarafu hiyo kwa sonara bila kuyajua hayo hupata sehemu ndogo tu ya thamani yake, na mbaya zaidi, sarafu yenyewe huishia kwenye moto.

Uzee huingia katika mkusanyo taratibu na kwa njia ambazo mkusanyaji mwenyewe huzikataa. Macho hutangulia, kwa kuwa mtoto wa jicho huificha alama ndogo ya kiwanda kilichofua sarafu, alama ambayo mara nyingi ndiyo inayotenganisha sarafu ya kawaida na ile adimu, na mtu aliyezoea kuamini jicho lake huanza kununua kwa kuamini maneno ya muuzaji. Vidole vinavyotetemeka huangusha sarafu, na ukingo uliogonga sakafu haupandi tena daraja. Kazi ya kuorodhesha, ambayo kijana huifanya kila jioni kwa furaha, huahirishwa. Bahasha mpya huwekwa juu ya za zamani bila maandishi, kwa sababu mwenyewe bado anakumbuka kila moja ina nini. Siku kumbukumbu inapoanza kuyumba, hakuna dalili ya nje inayoonyesha kwamba sehemu ya utajiri imekwisha kutoweka.

Kuna pia siri, ambayo haisababishwi na uzee lakini hukomazwa nao. Mkusanyaji wa sarafu ana sababu nzuri ya kunyamaza, kwani mali yake ni ndogo, ni nyepesi kubeba na ni rahisi kuuzwa na mwizi. Lakini ukimya unaomlinda dhidi ya wezi akiwa na miaka arobaini humtenga na watoto wake akiwa na miaka themanini, na mara nyingi familia hugundua ukubwa wa mkusanyo siku ya kufungua kabati, baada ya maziko, wakati hakuna wa kuulizwa.

Kisa cha George Walton wa Marekani kinaonyesha hata mkusanyo wenye sarafu maarufu unavyoweza kukwama hapo. Walton alikuwa na moja ya sarafu tano tu zinazojulikana za senti 5 zenye sura ya Uhuru na tarehe ya 1913, mwaka ambao kiwanda cha serikali kilikuwa kimehamia kwenye sura mpya, kiasi kwamba hizo tano zilitokea bila idhini ya kawaida. Mwaka 1962 alifariki ghafla katika ajali ya gari. Wataalamu walioombwa kuikagua sarafu hiyo waliamua kwamba ni ya bandia, yaani sarafu ya mwaka mwingine iliyobadilishwa tarehe, na familia ikairudisha nyumbani, ikakaa kabatini kwa miongo minne. Mwaka 2003, zilipokusanywa Baltimore sarafu nne zilizobaki, familia iliipeleka ya kwao, na wataalamu waliozilinganisha zote tano pamoja wakathibitisha kwamba ni halisi. Ilipigwa mnada mwaka 2013 kwa dola 3,172,500, kiasi ambacho kina pande mbili: dola 2,700,000 ndiyo bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotamkwa na mnadi, na asilimia 17.5 iliyoongezwa juu yake ni ada ya mnunuzi, ambayo huchukuliwa na kampuni ya mnada. Mrithi asiyeijua tofauti hiyo husoma gazetini bei kubwa na kudhani yote ni ya muuzaji. Linalostahili kuangaliwa zaidi katika kisa hiki ni kwamba familia haikuitupa sarafu wala kuitumia. Iliihifadhi pamoja na bahasha yake licha ya hukumu ya wataalamu, na kwa sababu hiyo kosa liliweza kusahihishwa.

Upande wa pili wa jambo hili umeonyeshwa na Virgil Brand, tajiri wa kiwanda cha bia wa Chicago, aliyefariki mwaka 1926 akiwa ameacha zaidi ya sarafu 350,000. Hakuacha mke wala mtoto, na mali yake ikawa mikononi mwa ndugu zake wawili ambao hawakupatana. Mauzo yake yaliendelea vipande vipande kwa miongo mingi, na sehemu za mwisho zilifika mnadani katika miaka ya 1980. Kwa kipimo cha umoja, mkusanyo huo ulisambaratika kabisa. Lakini Brand alikuwa na tabia ya kuandika kila alichonunua katika madaftari, pamoja na tarehe, muuzaji na bei, na madaftari hayo, ambayo sasa yamehifadhiwa na jumuiya ya numizmatiki ya Marekani jijini New York, yanawawezesha watafiti wa leo kufuatilia sarafu moja moja hadi siku iliyoingia nyumbani kwake. Mkusanyo ulikufa kama mali, ila umebaki hai kama elimu, na ni vigumu kutoona kwamba daftari lililoandikwa kwa kalamu limefanya kazi ambayo wasia wenye mihuri ungeishindwa.

Nguvu ya maandishi kidogo inaonekana pia katika sarafu zinazowahusu Waswahili moja kwa moja. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliyekuwa katika kituo cha rada kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota mchangani sarafu tisa, akaziweka katika kikopo na kuendelea na maisha yake. Mwaka 1979 alizipeleka zikatambuliwe, ikaonekana kwamba nne ni za Kiholanzi na tano ni za shaba za masultani wa Kilwa, zilizosafiri umbali ambao hakuna aliyeutarajia. Lau Isenberg angefariki kabla ya hapo, kikopo kile kingekuwa na vipande vya shaba visivyo na jina. Na hata baada ya kutambuliwa, sarafu hizo zingekuwa bubu kama asingekuwa ameweka alama ya X kwenye ramani, mahali alipoziokota, alama iliyowaongoza watafiti waliorudi kisiwani mwaka 2013. Inafaa kuilinganisha hali hiyo na hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyofukuliwa na wanaakiolojia mwaka 1984, yenye zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na za dhahabu chache zikiwemo dinari za Fatimiya: kwa kuwa tabaka la udongo na vitu vilivyokuwa jirani vilirekodiwa siku ileile, hazina hiyo inaeleza biashara ya pwani katika karne ya 11, jambo ambalo sarafu zilezile, kama zingetawanywa sokoni, zisingeweza kulieleza.

Mkusanyaji anayekubali kwamba anazeeka ana njia kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Kuuza mwenyewe akiwa hai ndiyo njia inayotumia maarifa yake vizuri kuliko zote, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kuieleza kila sarafu kwa mwandishi wa orodha ya mnada. Eric Newman, mwanasheria na mtafiti wa St. Louis aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2017, alianza kuuza mkusanyo wake mwaka 2013, akiwa amevuka miaka mia moja, na mapato akayaelekeza kwenye taasisi ya elimu ya sarafu aliyoianzisha, ambayo imegharimia maktaba ya kidijitali ya maandiko ya numizmatiki inayosomwa bure. Hata hivyo sheria za nchi yake haziwahimizi wengi kumfuata. Nchini Marekani faida ya kuuza sarafu hutozwa kodi inayoweza kufika asilimia 28, ilhali mrithi huhesabiwa kana kwamba aliinunua sarafu kwa thamani yake ya siku ya kifo, na kwa hiyo faida iliyopatikana katika uhai wote wa marehemu haiguswi na kodi hiyo. Wahasibu huwashauri wazee wasubiri, ushauri ambao ni sahihi kwa hesabu lakini ambao kwa makusudi kabisa huzipeleka sarafu kwa mtu asiyezijua.

Kuwaachia watoto kunawezekana bila kuharibu maana ya mkusanyo, ikiwa mgawanyo unafuata mantiki ya sarafu zenyewe. Louis Eliasberg, mwenye benki wa Baltimore aliyekamilisha mwaka 1950 mkusanyo wa kila sarafu ya Marekani iliyojulikana wakati huo kwa tarehe na kiwanda, alifariki mwaka 1976; dhahabu ikaenda kwa mwanawe mmoja na madini mengine kwa mwingine, na kila sehemu ikauzwa kwa wakati wake, dhahabu mwaka 1982 na zilizobaki mwaka 1996 na 1997. Katika mnada wa 1996 sarafu yake ya senti 5 ya mwaka 1913, dada wa ile ya Walton, ilikuwa ya kwanza kuvuka dola milioni moja. Ukilinganisha na ugawaji wa moja yako moja yangu, ambao huvunja seti na kumwachia kila mrithi mabaki yasiyokamilika, busara ya mpango huo ni dhahiri.

Taasisi za umma huonekana kuwa kimbilio salama zaidi, na wakati mwingine ndivyo zilivyo. Sarafu za dhahabu za Josiah Lilly, mwenye kiwanda cha dawa wa Indianapolis aliyefariki mwaka 1966, zaidi ya 6,000, ziliingia katika makumbusho ya Smithsonian baada ya Bunge la Marekani kupitisha mwaka 1968 sheria maalumu iliyoisamehe mirathi yake kodi ya takriban dola milioni 5.5. Lakini mkusanyo wa familia ya Garrett, uliorithishwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1942, uliuzwa na chuo hicho kwa minada kati ya 1979 na 1981. Hakukuwa na hila katika hilo, kwa kuwa chuo hakijaundwa ili kutunza sarafu. Zawadi isiyo na sharti lililoandikwa ni mali ya aliyepewa, na mkusanyaji anayedhani kwamba heshima ya jina lake inatosha kuwa sharti anajidanganya.

Mpango wa kushangaza kuliko yote ni wa Lars Emil Bruun, mfanyabiashara wa siagi wa Denmark aliyefariki mwaka 1923. Akiwa ameshuhudia uharibifu wa Vita Kuu ya Kwanza, aliagiza katika wasia kwamba mkusanyo wake wa karibu vitu 20,000, sarafu, nishani na noti, ukae miaka 100 kama akiba ya mkusanyo wa taifa, ili taifa likipoteza wake kwa moto au kwa mabomu libaki na mwingine, na miaka hiyo ikiisha bila janga, uuzwe kwa faida ya wazawa wake. Janga halikutokea. Mnada wa kwanza ulifanyika Copenhagen mwezi Septemba 2024, baada ya makumbusho ya taifa kuchukua vitu saba kwa haki yake ya kununua kwanza, na sarafu ya dhahabu ya mfalme Hans ya mwaka 1496 ikauzwa kwa euro milioni 1.2. Wapo wanaouona wasia huo kuwa ukatili kwa vizazi vitatu vya warithi vilivyopita bila kuonja chochote, na lawama hiyo ina uzito. Lakini kwa mtazamo wa elimu ya sarafu Bruun alifanya jambo ambalo ni wachache wamewahi kulifanya, kwa kuwa mkusanyo ulitoka katika karne nzima ukiwa mzima, na nasaba ya kila kitu kilichomo ni fupi na haina doa.

Katika Afrika ya Mashariki mpango wa aina hiyo ungekutana na mipaka mingine. Kwa Mwislamu wasia hauvuki theluthi moja ya mali, wala hauwezi kumpendelea mrithi mwenye fungu bila ridhaa ya warithi wenzake, kwa hiyo mkusanyo ulio zaidi ya theluthi ya mali yote hauwezi kuachiwa makumbusho wala mtoto mmoja anayeupenda kwa njia ya wasia pekee. Njia iliyo wazi ni hiba, yaani kukabidhi kitu mkononi mwa mpokeaji wakati mtoaji ana afya na akili timamu, au wakfu, na zote mbili humtaka mkusanyaji aamue kabla ya ugonjwa wa mwisho. Hali ya hewa nayo haisubiri. Katika unyevu na chumvi ya Unguja, Lamu au Mombasa, pesa za shaba za Sultan Barghash zenye sura ya mizani huota ungaunga wa kijani unaokula madini, na mifuko laini ya plastiki ya PVC, inayopendwa kwa kuwa ni rahisi, huoza polepole na kutoa asidi inayoacha utelezi wa kijani kwenye shaba na fedha. Asetoni safi inaweza kuuondoa ukiwahiwa, ila baada ya miaka ya kabati lililofungwa uso huwa umeshaliwa.

Juu ya hayo ipo sheria ya mambo ya kale, ambayo msimamizi wa mirathi mara nyingi haijui. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa masalia kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na masalia hayatolewi nchini bila kibali, hivyo sarafu ya Kilwa imo na rupia ya Tabora haimo. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 huhesabu vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, jambo linaloiweka katika hali ya pekee rupia ya fedha iliyotolewa kwa ajili ya Mombasa mwaka 1888 na kampuni ya Kiingereza: ile ambayo haikuwahi kuondoka pwani tangu wakati huo imo ndani ya sheria, na ile iliyonunuliwa London juzi na kuletwa nyumbani haimo, ingawa zote mbili zilitoka katika mashine moja na jicho la mtaalamu haliwezi kuzitofautisha. Kinachozitenganisha ni stakabadhi ya ununuzi, na katika nyumba nyingi za wakusanyaji wazee stakabadhi hiyo huwa ndiyo karatasi ya kwanza kutupwa siku ya kusafisha chumba cha marehemu.